Mita ya Mizunguko

Mshale ulikuwa kwenye moja, na gari lilikuwa limezimwa.

Fundi Waya aligonga kioo cha mita kwa ukucha, kama anayemwamsha mtu aliyesinzia kwenye benchi, lakini mshale haukurudi kwenye sifuri. Akachomoa ufunguo. Mshale ukabaki palepale. Akateremka, akafungua boneti, akalegeza nyaya zote mbili za betri, akarudi kuchungulia. Moja. Mita isiyo na umeme haina kitu cha kuushikilia mshale wake, na hilo alilijua vizuri, maana alikuwa fundi umeme wa magari kwa miaka kumi na minane. "Springi imechoka tu hii," alisema kwa sauti, kana kwamba kuna aliyemuuliza, akafunga boneti, akaenda kuoga.

Mita yenyewe hakuwa ameifunga kwa mapambo. Pikapu yake ilikuwa ya zamani. Dashibodi ilikuwa na mita ya spidi, ya mafuta na ya joto, na upande wa kulia tundu la duara lililozibwa kwa kifuniko cha plastiki, pale ambapo matoleo ya bei kubwa yaliwekewa mita ya kuhesabu mizunguko ya injini. Kwa miaka yote tundu lile halikumsumbua. Lakini sikio lake la kushoto lilikuwa limeanza kufa, na dereva asiyeisikia injini hajui abadili gia saa ngapi. Mkewe alikuwa akimpigia kelele, "Baba Chiriku, gari linalia, lionee huruma!" naye anamuuliza linalia wapi.

Alipoileta mita nyumbani, mkewe aliigeuzageuza mkononi.

"Mita ya nini tena hii?"

"Ya mizunguko. Inahesabu injini inazunguka mara ngapi."

"Ungeivaa wewe shingoni. Kwa mizunguko yako ya mtaani, hakuna injini inayokufikia."

Walicheka wote. Binti yao wa miaka mitano hakuitwa Chiriku bure, kwani mdomo wake ulifungwa na usingizi peke yake. Alitaka kujua mita inahesabu mpaka ngapi, na kwa nini nambari za mwisho ni nyekundu. Baba akamwambia inahesabu mpaka nane, yaani elfu nane kwa dakika, na kuanzia sita ni hatari.

Mita hiyo alikuwa ameitoa kwenye yadi ya magari mabovu, ndani ya gari kubwa ambalo halikuwa na hata mkwaruzo. Alimuuliza mwenye yadi lilipata ajali gani, na yule mzee akatazama pembeni. "Halikupata ajali. Lilikutwa barabarani, injini inanguruma, milango imefungwa kwa ndani, na mwenyewe hayumo." Mtu mwingine angeweka bisibisi chini akaenda zake. Fundi Waya alichofikiria ni kwamba gari lisilopata ajali vifaa vyake ni vizima.

Akaifunga mchana mmoja. Waya wa moto, waya wa bodi, waya wa taa, na wa nne akaupeleka kwenye koili ya cheche, ambako mita inahesabu mizunguko. Mgongo wa mita ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi, umebanwa vizuri, akauacha kwa heshima ya fundi aliyetangulia. Alipowasha, injini ikatulia kwenye mia nne. "Unaona?" alimwambia mkewe. "Injini tulivu kama hii hupati tena." Alifurahi sana siku hiyo, masikini.

Sasa mshale ulikuwa kwenye moja. Kesho yake, gari limezimwa vilevile, ulikuwa kwenye mbili, na ndani kulikuwa na harufu ya waya unaoungua. Alifungua dashibodi yote, akapapasa kila waya. Hakuna uliokuwa na joto. Harufu haikutoka hata alipoacha milango wazi, na mkewe akaanza kuisikia jikoni.

Siku ya tatu, alasiri, jua bado kali, alirudi kutoka kazini akamkuta Chiriku anazunguka pikapu. Haikuwa michezo. Alikuwa anatembea taratibu, kandambili zake zikilia pa, pa, pa, na mkono wake wa kulia umenyooka juu kama wa mtoto aliyeshikwa na mtu mrefu, mrefu kuliko mtu yeyote wa nyumba ile. Kilichomtisha Fundi Waya ni kwamba mtoto alikuwa kimya. Alipita mbele ya bampa, na ndani ya gari mshale ukapanda kwenye tatu, ukatulia.

"Chiriku! Unafanya nini?"

"Ananifundisha kuhesabu."

"Nani?"

"Mwenye mita."

Wakamfungia ndani. Siku ya nne, saa ileile, Mama Chiriku alimkuta chumbani anazunguka kitanda, mkono juu, na mumewe alipokimbia kutazama mita alikuta nne. Siku ya tano mama alimbeba mgongoni, akamfunga kwa kanga mbili, akakaa naye chini kabisa, lakini ilipofika alasiri mtoto alianza kuzungusha kichwa, polepole, kwa namna ambayo shingo ya mtoto haipaswi kuzunguka, na mama akapiga kelele akamfungua mwenyewe kwa mikono yake ili amwache atembee asije akavunjika. Tano. Usiku huo hakuna aliyekula. Fundi Waya alikata nyaya zote nne kwa koleo, na siku ya sita mshale ukagusa nyekundu.

Ndipo wakamwita Mama Sindano. Alikuwa mshonaji wa sare za shule mtaa wa pili, na wenye shida zao walijua kwamba kushona haikuwa kazi yake pekee. Alikuja na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasimama mbele ya pikapu, akanusa.

"Jini wa njiani huyu," alinong'ona. "Hawa hawabishi hodi. Wanamzungusha yule wanayemtaka, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka afungike kama uzi kwenye kigurudumu. Hesabu yake ikitimia anaondoka naye. Na leo jua likizama, imetimia."

Mama Chiriku alianza kulia. Mama Sindano hakumtazama, alimtazama fundi.

"Nitafungua kwa idadi ileile iliyofunga. Mita inasoma ngapi?"

"Sita."

"Una hakika? Ikipungua, nitakuwa nimefungua nusu tu."

"Mama, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na nane. Mita niliyoifunga kwa mkono wangu hainidanganyi."

"Haya, fundi mwenzangu." Akafunika mita kwa kitambaa. "Wewe utatangulia, mtoto atafuata, mtazunguka kinyume na alivyozungushwa. Usigeuke nyuma kabla hamjamaliza. Na ukimaliza, ujue unamgeukia nani, maana utakayemwona wa kwanza ndiye utakayebaki naye."

Wakazunguka pikapu mara sita, kandambili zikilia nyuma yake. Alipogeuka, Chiriku alikuwa pale, anatoka jasho, macho yake yakiwa macho yake.

"Ba," alisema mtoto.

Fundi Waya alimnyanyua akalia bila kuona haya. Mama Sindano akachukua kitambaa chake, akaagiza mita ing'olewe ivunjwe, akaondoka haraka kama mtu anayewahi kazi nyingine.

Ndani, Chiriku alikaa mkekani ametulia. Mama alimuuliza anataka nini.

"Ma," alisema.

"Maji?"

Kabla mtoto hajaitikia, kutoka uani, chini ya pikapu, sauti ileile nyembamba ikasema, "Ji."

Kikombe kilimponyoka Mama Chiriku. "Umesikia?" alimnong'oneza mumewe. Alikuwa amesikia, tena kwa sikio la kushoto, lile bovu.

Fundi Waya alipiga magoti mbele ya binti yake. Akagusa kiatu cha mtoto. "Hii inaitwaje, mwanangu? Mwambie baba."

"Kanda," alisema Chiriku.

"Mbili," ikamalizia sauti ya uani.

Alitoka mbio na bisibisi, akaing'oa mita kwenye tundu lake, akaigeuza, na kwa mara ya kwanza akauchana ule utepe mweusi, na chini yake akaona swichi ndogo yenye nambari nne, sita na nane, ile ambayo kila fundi umeme huigusa kabla ya kufunga mita ya namna hii ili ijue injini ina pistoni ngapi, nayo ilikuwa kwenye nane, kama ilivyoachwa na lile gari kubwa, na pikapu yake ilikuwa na pistoni nne. Mita ilikuwa inasoma nusu. Ilisoma nusu tangu siku ya kwanza, ilipomwonyesha mia nne naye akajisifu, na mtoto wake hakuzungushwa mara sita, alizungushwa mara kumi na mbili, na sita kati ya hizo hakuziona, kwa sababu kila alipofika mzunguko wa kwanza ulikuwa umekwisha.

Jua lilikuwa limebaki kipande juu ya ukuta wa jirani. Kwa Mama Sindano kwenda na kurudi lingezama. Alichota fyuzi sita kwenye mfuko wa ovaroli, akamwita Chiriku, akamweka nyuma yake.

"Simama mlangoni," alimwambia mkewe. "Usiondoke."

Mzunguko wa kwanza kandambili zilimfuata kwa karibu, pa, pa, na alipofika mbele akaweka fyuzi juu ya boneti. Wa pili vilevile. Wa tatu, alipopita nyuma ya pikapu, harufu ya waya unaoungua ilimjaa kooni na kitu kikajikokota kutoka uvunguni mwa gari, kikajipangusa vumbi, kikaanza kufuata, na tangu hapo nyayo zilikuwa za watu wawili, zikipishana, pa na pa, pa na pa, hata asijue zipi ni zipi, naye alitembea shingo imemkakamaa, akimwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio, akihesabu kwa vidole fyuzi zilizobaki kwa sababu akili yake hakuiamini tena, nne, tano, huku jua likikatika ukutani.

Fyuzi ya sita ililia juu ya boneti. Nyayo zikasimama.

"Baba," ikasema sauti nyuma yake.

Neno lilikuwa zima. Kwa furaha akaanza kugeuza bega la kulia.

"Baba," ikasema sauti ileile, upande wa kushoto.

"Usigeuke!" Mama Chiriku alikuwa mlangoni, mikono kichwani. "Baba Chiriku, usigeuke. Wako wawili."

"Wawili vipi?"

"Wawili. Wamesimama nyuma yako, mmoja huku, mmoja huku. Gauni ni lile, nywele nilizozisuka mimi. Wote wanakutazama."

Alishika bampa kwa mikono yote miwili. Alihisi pumzi ndogo ya moto mgongoni, kulia na kushoto, na mwanga wa jua ukawa umebaki kwenye kioo cha gari tu.

"Mama Chiriku," alisema polepole, "wewe ndiye uliyemzaa. Niambie nigeukie upande gani."

Alisubiri. Mkewe alitazama kulia, akatazama kushoto, akarudia tena na tena, akifuta machozi ili aone vizuri.

"Sijui," alisema.