Kopo la Marehemu Kunkel

Futa hicho kicheko. Nimekuona. Mchungaji unamwamini kila Jumapili na hajakuonyesha kitu hata siku moja, lakini mimi nikifungua mdomo unataka ushahidi. Basi kaa kimya. Haya yalitokea nyumbani kwa ndugu yangu, Harlan Zettlemoyer, hapa hapa chini ya Mlima Blue, Pennsylvania, na nilikuwepo.

Harlan alikuwa akijaza risasi zake mwenyewe. Anaokota maganda aliyokwisha kupiga, anayasafisha, anatia fataki mpya, anapima baruti, anabana kichwa juu yake. Kazi hiyo aliifanyia katika stoo ya chini ya nyumba, maana baruti inataka baridi na ukavu, tena kabati jepesi la mbao. Ukiifungia ndani ya sanduku zito la chuma umejitengenezea bomu. Ikitunzwa hivyo hudumu kuliko ndoa nyingi. Na ikizeeka, hakimu wake ni pua. Iliyo nzima inanukia kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Iliyooza inachoma kama maji ya betri, na ndani utaona vumbi jekundu mithili ya kutu. Majirani wote walimletea Harlan makopo yao ya zamani ayanuse. Akisema nzima, ni nzima. Akisema kamwage, wanakwenda kumwaga.

Vuli ile Raymond Kunkel akafa, na vitu vyake vikapigwa mnada uani kwake, kama tufanyavyo huku. Harlan akarudi na sanduku la vikorokoro, ndani yake kopo la baruti, nusu. Akalinusa, akalinusa tena. Kisha akafanya jambo ambalo angemtukana mtu mwingine kwa kulifanya: akamimina ya kwake ndani ya ile ya Kunkel, kopo likajaa, ati nafasi isipotee. Ubahili wetu ndio utakaotuzika.

Ubaya ulianza na vifuniko. Lovina, mke wake, alishuka kuchukua kabichi ya kuchachua, akakuta vifuniko vya bati vya mitungi ya kioo vimeota kutu, mitungi aliyoifunga juzi tu. Tena si yote. Ile iliyo karibu na kabati la Harlan.

"Baruti yako imeoza," alimwambia mezani.

"Imeoza pua yako. Nimeinusa asubuhi."

"Na vifuniko?"

"Umenunua vya rahisi, sasa unatafuta wa kumlaumu."

"Uchachu nausikia mpaka jikoni, mwanamume wewe!"

"Hiyo ni kabichi, Lovina. Kuchachuka ndiyo kazi yake."

Akaendelea kushuka. Alikuwa akikaa huko mpaka chakula kinapoa, na akipanda, macho yamelowa na uso unatabasamu. Lovina akaniita jikoni, akarudisha mlango, akaongea kwa kunong'ona.

"Wifi, ana mtu kule chini."

"Nani amtake Harlan? Hata meno si yake."

"Usinichekeshe. Namsikia anaongea. Anasema neno, anangoja, anacheka. Na jana..." Akaangalia sakafu. "Jana alikuwa shambani, na kule chini kuna kitu kilikuwa kinanusa. Kama mbwa nyuma ya mlango."

Siku ileile Harlan naye akanivizia penye ghala langu. "Dada, nakuambia wewe tu. Lovina anaichezea baruti yangu. Anatia siki. Hataki nipande mlimani Jumatatu." Jumatatu ndiyo siku ya kwanza ya kuwinda kulungu, hata shule zinafungwa.

Sikumwamini yeye, sikumwamini mkewe. Nilichukua misumari mipya, nikashuka jua likiwa kali nje, nikaipanga kwenye rafu, mmoja karibu na kopo, mwingine mbali kidogo, hivyo hivyo mpaka ukutani. Pua inadanganyika. Chuma hakina mama wala mtoto, hakidanganyiki. Kesho yake ile ya mbali iling'aa vilevile, na ule wa kando ya kopo ulikuwa mwekundu kama umekaa mtoni. Nikaligusa kopo: lilikuwa na joto, joto la paji la mgonjwa, na nilipoinama kulitazama vizuri nikasikia ndani yake pumzi ikivutwa, fupi, fupi, halafu ndefu, kama mtu aliyepitiwa na harufu anayojaribu kuikumbuka ni ya nani, na nikajua kwamba kitu kile hakikuwa kikinuswa, bali ndicho kilichokuwa kikininusa mimi, na kilikuwa bado hakijanijua vizuri.

Nikaenda kwa Sterling Boyer. Huyu ni mganga wetu. Anaondoa maumivu ya moto na kuzuia damu kwa maneno ya Kijerumani cha zamani aliyopewa na shangazi yake, maana maneno hayo hutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamume, na kinyume chake. Usimwambie asante, unaharibu dawa.

Sterling alikuja, tukashuka naye stoo, Harlan na Lovina pamoja nasi. Hakuligusa kopo. Alimgeukia Harlan. "Unasikia harufu gani?"

"Baruti nzima."

"Nimekuuliza harufu."

Harlan akaketi juu ya kreti. "Nywele za Janice," alisema. "Zikiwa zimetoka kuoshwa."

Janice alikuwa binti yao. Homa ilimchukua akiwa bado mdogo. Lovina akamsogelea.

"Kwa nini wewe tu?" akasema. "Mimi si mama yake? Kwa nini mimi nipate siki?"

"Shukuru," Sterling akamjibu. "Kunkel alimnusa mama yake humo mpaka akaacha kula. Jini hili halina makao. Linaingia katika kitu kinachooza ambacho mwenyewe anaapa ni kizima." Akamwambia Harlan, "Jumatatu utaibandika bunduki shavuni, na itapasuka. Ama kopo litashika moto lenyewe na mkeo yuko juu amelala. Linangoja mojawapo. Uliimimina wewe, utaimwaga wewe."

"Nikiimwaga, anakwenda."

"Alishakwenda, mjinga," nikamwambia. "Lovina ndiye bado yupo."

Alinitazama kama atanipiga. Kisha akalibeba.

Tulimpeleka shamba lililolimwa, mbali na majengo. Zile risasi alizokwisha kujaza nazo alizifungua, moja moja, akarudisha baruti yake koponi. Halafu akaanza kumwaga, mstari mwembamba juu ya udongo, na Sterling nyuma yake akisema maneno yake chini kwa chini, na katikati ya maneno hayo sote tukasikia kutoka koponi sauti ya mtoto, si kubwa, ikisema baba, baridi, baba, nifunike, na Lovina ambaye siku zote hizo hakuwa amepewa kitu akapiga magoti shambani na kunyoosha mikono, nami nikamkamata nguo, na Harlan akiwa analia mpaka kamasi zinamfika kidevuni hakusimama, akaenda, akaenda, mpaka kopo likawa jepesi mkononi na sauti ikakatika kama ya vifaranga mlango wa banda ukifungwa.

Akawasha ncha. Moto ukakimbia. Moshi ukapanda rangi ya kahawia, ukasimama, kisha ukalala chini na kutambaa kinyume cha upepo kuelekea nyumbani. Wao walikuwa wamekumbatiana. Mimi nilikuwa natazama.

Sterling alisema rafu zioshwe kwa magadi. Lovina akakataa kushuka, na Harlan alikuwa amelala na koti, ameelekea ukutani. Nikashuka mimi na ndoo.

Nilikuwa nimemaliza rafu ya juu pale harufu ya tumbaku iliponifikia. Tumbaku ya kiko, ile ya bei mbaya, pamoja na sufu iliyonyeshewa. Ndiyo harufu ya Clarence, mume wangu. Nimemzika zamani, na sikumlilia mbele za watu.

Nyuma ya kabati mtu akakohoa ili nisishtuke, kama alivyokuwa akifanya yeye.

"Erma," akasema. "Unafanya haraka ya nini? Keti kidogo."

Nikakamua kitambaa. Nikapanda ngazi, ndoo inanimwagikia miguuni.

"Basi acha mlango wazi, mke wangu. Kuna giza huku."

Nilisimama kizingitini, nikaivuta harufu ile mara moja, kifua kizima. Kisha nikatoka, nikafunga mlango.