Shada la Nguo za Lorene

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ya Emory Stidham lilikuwa kupigiliwa msumari. Shemeji yake Verna, dada wa marehemu mkewe Lorene, alisimama nyuma yake barazani, ameshika shada la matambara kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba keki, akimwelekeza: juu kidogo, kushoto, hapo hapo. Emory akagonga msumari kwenye mlango wa mbele, Verna akatundika, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande.

"Si unaona? Lorene angelipenda."

"Lorene alikuwa akiyachukia haya madude," alisema Emory.

"Ah, shemeji. Marehemu hachukii kitu."

Katika hilo Verna alikosea, kama alivyokuwa akikosea katika mengi.

Katika bonde lile la Kentucky, mlango wa mbele haumfai mtu yeyote. Wenyeji na jirani zao huingilia jikoni. Wa mbele hupitiwa na mchungaji, muuza bima na jeneza. Hata hivyo mlango huo ndio unaovikwa. Februari huvikwa moyo mwekundu, Pasaka masungura, Julai bendera, vuli maboga. Wanawake wa kanisa huketi pamoja, wakararua nguo za pamba kuwa vitambaa vyembamba, wakavifunga kimoja kimoja kwenye duara la waya, fundo kando ya fundo, mpaka waya usionekane. Vuli hufanywa mashindano, na mshindi hupigwa picha akiwa amesimama kando ya mlango wake kama bibi harusi. Watu wasiojua jirani yao amekula nini wanajua vizuri mlango wake umevaa nini. Lorene alizoea kusema kwamba kama dada yake Verna angemvika mumewe vizuri hivyo, pengine mwanamume yule asingetoroka.

Lorene alikufa mwezi wa Juni. Pumzi yake ilipoanza kukata, Emory alifanya walivyofanya wazee wa bonde: alipita nyumba nzima akifungua kila fundo. Alifumua msuko wa nywele za Lorene, akafungua kamba za aproni, za viatu, za mapazia, ili roho isinase popote inapotoka. Emory alikuwa mpima ardhi, mtu wa chuo kikuu, na hakuamini hata moja katika hayo. Alifanya kwa sababu mama yake alifanya. Kisha majani yalipoanza kugeuka rangi alimruhusu Verna abebe nguo zote za marehemu katika mifuko ya taka, kwa kuwa hakuweza tena kufungua kabati lile. Alijua zitararuliwa. Alijua zitafungwa. Wazee hawakuacha onyo lolote kuhusu kuchukua nguo za mtu aliyefunguliwa na kuzifunga upya mamia ya mafundo na kuzining'iniza mlangoni kwa ajili ya mashindano. Haikuwapitia akilini kwamba angezaliwa mjinga wa namna hiyo.

Asubuhi ya kwanza Emory aligusa shada akaliona lina joto. Baraza lilikuwa na baridi, jua halijafika upande ule, na matambara yale ya kahawia na manjano yalikuwa na joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi. Akaondoa mkono. Akajiambia kwamba pamba hutunza joto, jambo ambalo si kweli, naye alijua si kweli.

Siku iliyofuata ilikuja harufu: vitunguu vya kukaanga na dawa ya nywele. Halafu, mchana mmoja, akiwa anapita sebuleni na bakuli la maharage, alisikia msonyo.

Ulikuwa msonyo mfupi, mkavu, wa upande mmoja wa mdomo. Kwa miaka yote ya ndoa yao ulikuwa ukitoka jikoni kila alipovuka zulia na viatu. Alitazama miguu yake. Alikuwa na viatu.

"Lorene?" alinong'ona.

Kisha, kutoka upande wa pili wa ubao wa mlango, kwa sauti ya chini kana kwamba mdomo ulikuwa umegusana na mlango:

"Suruali hiyo unaivaa tangu lini?"

Emory aliketi chini, bakuli mkononi, akalia kwa furaha. Hilo ndilo lililomponza. Mtu mwenye akili angekimbia.

Tangu siku hiyo alihamishia kiti chake ukumbini, mgongo ukiwa umeegemea mlango. Alimwuliza kama ana maumivu, kama kuna baridi, kama anamkumbuka. Sauti haikujibu maswali ya namna hiyo. Ilijua mambo mengine. Ilijua maharage yake hayana chumvi, kwamba amenyoa shingo vibaya, kwamba kwenye maziko alisahau jina la wimbo. Ilimcheka alipokohoa. Ilimcheka alipoacha kukohoa. Mchungaji Dwight Mullins alipokuja kumwombea, akasimama barazani na kukunjua Biblia, shada lilimwacha afike katikati ya zaburi.

"Dwight," lilisema, "umepaka nywele rangi tena. Mungu anakuona, na mimi pia."

Mchungaji alimtazama Emory, ambaye midomo yake ilikuwa imefumbwa. Aliondoka bila kufika kwenye Amina, na Jumapili iliyofuata akahubiri dhidi ya watu wanaoiga sauti.

Wiki zilivyopita Emory alikonda. Hakuweza kuweka kijiko mdomoni bila kusikia msonyo, kwa hiyo aliacha kijiko. Hakuweza kulala bila kuambiwa anavyokoroma, kwa hiyo alikesha. Maziwa yaliganda kwenye friji siku ileile yaliponunuliwa. Na mchana, wakati jua lilipopiga mlango wa mbele na harufu ya vitunguu ikawa nzito kiasi cha kuchoma macho, matambara yalianza kutikisika yenyewe bila upepo, yakifunguka na kufumbika kama midomo mingi midogo, na kila mmoja ulikuwa na neno lake la kumwambia, na hakuna hata neno moja lililokuwa zuri, wala hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

Mchana mmoja aligeuka, akaweka paji la uso kwenye ubao.

"Niambie kitu kimoja tu, Lorene. Hukuwahi kunipenda? Hata kidogo?"

Matambara yalitulia. Kwa mara ya kwanza sauti ilionekana kutafuta.

"Neno hilo sinalo," ilisema mwishowe. "Halipo hapa. Wamelipeleka kwingine."

Ndipo alipomwita Opal Napier.

Bi Opal alikuwa amewaosha maiti wa bonde zima, akiwamo Lorene, na hakupenda kuitwa kwa watu walio hai wanaotembea. Alifika akitafuna tumbaku, akaingilia jikoni, akakataa kahawa, akalitazama shada kupitia kioo cha dirisha la pembeni. Shada lilimwambia kwamba ananuka. Akacheka.

"Ni yeye," alisema, akitema kwenye kopo lake. "Ila si yeye mzima. Nilimwosha yule mwanamke, namjua. Alikuwa na ulimi wa wembe, lakini aliniambia ahsante kila nilipomgeuza kitandani. Nguo zake zote zimo humu?"

"Sijui. Alichukua Verna."

"Hujui. Ulimfungua mkeo vizuri nikakusifu, kisha ukampa yule kichaa wa gundi amfunge kama mzigo. Nimeosha wapumbavu wengi, Emory, ila wewe ni wa kwanza ninayemwona akiwa bado anapumua."

"Nilikate? Nina mkasi."

"Thubutu! Ukikata unamkata yeye. Unafundua kwa vidole, mchana, fundo moja moja, usiache hata moja. Na kama kuna jingine mahali, unafundua na lile."

Walipomwita, Verna alikuja akiwa na gundi kwenye kucha. Mwanzoni alisema hakuna shada jingine. Bi Opal alipofungua dirisha ili asikie mwenyewe, na sauti ya dada yake ikamwambia kuwa lile fundo la juu limelegea kama maadili yake, Verna alikaa ghafla kwenye ngazi.

"Nilizitenga nguo kwa rangi," alisema. "Aproni na nguo za kazi zilifaa vuli. Zile nyingine zilikuwa za buluu na kijani laini, gauni la kanisani, lile la honimuni, gauni la kulalia... Buluu haiendi na maboga, shemeji! Kila mtu anajua! Kwa hiyo nilimfungia Tessa Fugate shada la mtoto, maana amejifungua mvulana."

Marehemu alikuwa amechambuliwa kwa misimu. Hasira zake za jikoni zilitundikwa kwa mumewe, na kilichobaki alipewa jirani kwa sababu ya rangi.

"Anza na hili la hapa," alisema Bi Opal.

"Hapana," alisema Emory. "Naanza na lile."

Alikuwa ameshachukua koti. Kila mmoja katika ukumbi ule alijua anachokwenda kutafuta, hata kile kilichokuwa mlangoni. Kilisonya.

Nyumba ya Fugate ilikuwa ng'ambo ya kijito. Jua lilikuwa bado juu. Tessa, binti mdogo mwenye macho ya mtu ambaye kwanza hakulala, na sasa amelala kupita kiasi, alimfungulia mlango wa jikoni akiwa na tabasamu zito.

"Shada? Jamani, Mzee Emory, lile lina baraka. Tangu litundikwe mtoto halii. Linamwimbia."

"Linamwimbia?"

"Upepo ule, si unajua. Analala tu. Jana alilala mchana kutwa. Hata kunyonya hataki." Alisema hayo kama mtu anayesoma maneno asiyoyaelewa, kisha tabasamu likamtoka. "Hata kunyonya hataki," alirudia.

Mtoto alikuwa amelala kikapuni nyuma ya mlango wa mbele. Midomo yake ilikuwa na rangi ya buluu ya matambara.

Emory alitoka nje akazunguka hadi barazani. Shada lilikuwa zuri. Lilinukia sabuni na nywele zilizooshwa, na kutoka katikati yake ilitoka sauti aliyoisikia mara chache maishani, gizani, ikiwa karibu na sikio lake, ambayo kwa ajili yake alikuwa amekubali misonyo yote. Lorene hakupata mtoto. Sasa alikuwa akimwimbia mtoto wa mwenzake, polepole, ashuke usingizini, ashuke zaidi.

"Lorene," alisema. "Ni mimi."

Wimbo ukakoma.

"Karibu, bwana," ilisema sauti kwa upole mkubwa. "Umechoka. Unamtafuta nani?"

"Ni Emory."

"Pole sana. Simfahamu. Lakini kaa, upumzike. Lala kidogo."

Ilikuwa imemwambia hivyohivyo tarishi, na Tessa, na mbwa. Ulikuwa upole kamili, usiokosa kitu isipokuwa mtu anayelengwa. Macho ya Emory yakawa mazito, akatamani kuketi kwenye ngazi ile na kutoinuka. Na ni kichanga kile, pumzi yake ikikwaruza nyuma ya mlango mara moja, kisha kimya kirefu mno, kisha mara moja tena, kilichomfanya ainue mkono na kushika fundo la kwanza.

Alifundua kwa kucha, na kucha zilipopasuka alifundua kwa meno. Sauti ilimshukuru kwa kila fundo, ikimwita bwana. Tambara la honimuni lilikuwa la mwisho. Akalishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Huna la kuniambia?" aliuliza.

"Mungu akubariki, bwana," ilisema, kwa dhati, kama angemwambia mtu yeyote. Akafungua. Waya ukabaki mtupu, harufu ya sabuni ikapita kando ya shavu lake bila kusimama, na ndani ya nyumba mtoto alilia kwa njaa, kwa ghadhabu, na mama yake akalia pamoja naye.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado kwenye kilima. Bi Opal alikuwa amesubiri.

"Bado kuna mwanga. Maliza."

"Kesho."

"Emory. Hicho kilichobaki hapo sasa hakina hata chembe ya wema. Ule wema umekwenda zake. Hapo ni dharau tupu, na itakula."

"Inanijua jina," alisema Emory.

Bikizee alitema, akachukua kopo lake na kutoka kupitia jikoni bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata Emory aliamka mapema. Alikwenda barazani kabla hajanywa kahawa, akalishusha shada, akaketi nalo kwenye ngazi, likiwa na joto mapajani mwake. Akaanza kuchunguza mafundo moja baada ya jingine, na popote alipoona waya alitenganisha matambara kwa kidole kupata nafasi. Kisha akavua shati alilolala nalo, ambalo lilikuwa bado na jasho lake, akauma ukingo wa pindo kwa meno na kulirarua hadi kwenye ukosi. Jirani mmoja aliyekuwa akikusanya majani makavu alisikia sauti ile ya pamba ikipasuka na akainua kichwa, akamwona mzee kifua wazi kwenye baridi, akifunga vipande vya shati kwenye shada.

"Si hivyo," ilisema sauti. "Kaza. Miaka yote hii, hata fundo hujui?"

"Nifundishe," alisema Emory, akakaza.

Baridi ilimwingia kifuani, akakohoa. Mdomo wake haukutoa sauti yoyote. Kikohozi kilitoka kwenye shada.