Hela za Sofia Zilizotafutwa Nandagala

Ndugu zangu wa Nachingwea, na nyie wa Ruangwa, nawaeleza jambo la nyumba moja ili yenu isiwe ya pili.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, Ignasi wa Mnero alikuwa shambani na mkewe Brigita, wametulia kivulini wakitenganisha korosho na mabibo. Mavuno yalikuwa mazuri. Binti yao Sofia, mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, alikuwa amepelekwa Finland kusoma muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Tiketi alikatiwa, ya kwenda na kurudi. Hela ya kula na kulala aliahidiwa angepewa akifika. Ignasi alitembea kijijini kifua mbele.

Ndipo jirani yao Agapiti akaja na simu yake kubwa.

"Mzee Ignasi, hebu muone mwanao!"

Pichani Sofia alikuwa kwenye theluji, amevaa koti zito lenye manyoya shingoni.

"Koti hili si la laki moja," Agapiti akasema. "Kule wanalipwa, bwana. Kwako kimefika nini?"

"Hakijafika kitu."

"Basi kinafika kwingine." Akacheka, akaondoka. Watu wa namna hiyo mnawajua. Wanawasha, halafu wanakwenda kwao kulala.

Kwingine ni wapi? Ignasi hakuhitaji kuambiwa. Kwetu Wamwera mtoto ni wa ujombani. Baba analisha, mjomba ndiye mwenye neno. Na mjomba wake Sofia, Eustakio wa Nandagala, ndiyo kwanza alikuwa ameezeka nyumba yake bati jipya.

"Bati lile ni la ufuta," Brigita alimwambia. "Kaka yangu kalima, watu wote wamemuona."

"Ufuta gani wa kuezeka nyumba nzima?"

"Sasa si umuulize mtoto? Mdomo unao."

"Nimuulize ili anidanganye?"

Jioni Agapiti akarudi na simu, Sofia yuko hewani. Sauti ilikuwa inakatika. Alisema hela ya ufadhili haijatoka, kuna karatasi za ukaazi zinasubiriwa, na kodi ya chumba hajalipa tangu afike.

"Baba, wakinitoa hapa itabidi niache masomo nirudi. Nitumie chochote, nikilipwa nitarudisha."

"Na lile koti?"

"La kuazima, baba. Huku baridi inaua."

Hapo ndipo mzazi anapopimwa, ndugu zangu. Malipo ya mnada wa kwanza wa korosho Ignasi alikuwa ameshapokea.

"Muombe huyo unayemtumia," akajibu.

"Namtumia nani, baba?"

"Unamjua." Akamrudishia Agapiti simu yake.

Brigita hakumsemesha mumewe tena. Wiki ikapita. Ignasi akapanda pikipiki aliyoinunua kwa hela ya korosho, akaenda Nandagala kukamata mwizi.

Alimkuta Eustakio barazani. Hata hajakaa, mwenyeji akamuwahi.

"Karibu shemeji. Leo umeona aibu, umetuletea fungu letu?"

"Fungu gani? Mimi ndiye nimefuata langu!"

"Acha mzaha. Sofia kanipigia analilia kodi. Nikamwambia, kamuombe baba yako, uliyemnunulia pikipiki."

"Nani kanunuliwa? Pikipiki hii ni ya korosho!"

"Na bati hili ni la ufuta! Wewe ulifikiri nini?"

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Mtoto alikuwa amehangaika huku na huku, na kila upande ulimtuma upande wa pili.

Wakachanga palepale, wakaenda Ruangwa mjini kutafuta pa kutumia hela nje. Kabla ya kutuma, Eustakio akapiga simu.

"Mpwa wangu, tunakutumia sasa hivi."

"Msitume, mjomba. Niko uwanja wa ndege. Nimeshaandika kwamba naacha."

"Ungetuambia!"

"Niliwaambia wote wawili."

Hela ya ufadhili ilitoka baadaye, wakapewa wenzake waliobaki. Sofia anarudia muhula Dar es Salaam. Likizo haji Mnero, wala Nandagala haendi. Mama yake ndiye humfuata. Baba yake akimpigia, humwamkia vizuri.

"Unahitaji chochote, mwanangu?"

"Hapana, baba. Nashukuru."

Funzo

Ufadhili si gunia la hela analoondoka nalo mtoto. Unaweza kuchelewa, na ugenini hana shamba wala jirani wa kumuazima unga. Kabla hajasafiri, baba, mama na mjomba wakae pamoja waseme nani atamshika mkono mpaka hela yake itoke. Na mkiwa na shaka, muulizeni mwenyewe, wote mkisikia. Ignasi na Eustakio hela walikuwa nazo. Waliona bora kupelelezana kuliko kuulizana, na aliyelipa ni mtoto.