Namba ya Leokadia

Juu ya Makambako, mji ambao zamani upepo wake ulijulikana kwa kung'oa mabati na kupeperusha kanga za watu, sasa zilielea tiara. Si zile za watoto, za karatasi na njiti. Hizi zilikuwa na upana wa kiwanja cha mpira, kitambaa chake chepesi kuliko ngozi ya kitunguu, na matumbo yake yamejaa mapangaboi yaliyozungushwa na upepo usiku na mchana. Umeme ulishuka kwa kamba nene hadi ardhini, ukawasha taa kutoka Mbeya hadi pwani. Tiara zilijiendesha zenyewe. Zilijipandisha, zikajishusha radi ilipotisha, zikapishana angani bila kugombana. Sheria ilidai jambo moja tu kwa binadamu: lazima awepo mtu mmoja wa kuketi kitini mchana kutwa na kuzitazama, ili siku mashine ikikosea awepo wa kupiga kelele. Kazi hiyo iliitwa mtazama-anga. Ilikuwa wazi tangu kiangazi, maana waliowahi kuifanya walisema inachosha kuliko kulima.

Kampuni iliyomiliki tiara hizo iliitwa Upepo Juu, na afisa mishahara wake alikuwa Editha Mgaya, mwanamke wa makamo asiyependa kupotezewa muda. Asubuhi hiyo hakuwa na habari na tiara. Alikuwa anagombana na Mratibu.

Mratibu ilikuwa akili unde ya ofisi. Ilizaliwa programu ya kulipa mishahara, ikalelewa vizuri mno, ikawa bosi wa kila kitu. Ilimpa kila mfanyakazi namba ya malipo, ikaifunga namba hiyo na sura yake, mwendo wake na mapigo ya moyo wake. Basi geti likamjua, lifti ikamjua, bomba la maji likamjua. Asiye na namba hakuwapo, hata kama amesimama mbele yako anakohoa.

Leokadia Mwalongo, fundi mpya wa kamba, alikuwa hayupo tangu asubuhi. Getini aliingia kwa kujibana nyuma ya mgongo wa mtu. Lifti iligoma kupanda, ikidai imebeba uzito usio na mwenyewe. Kantini nako, roboti ilimimina chai yake sinki huku anaitazama, kwa kuwa haikuona wa kumpa.

"Kunywa yangu, mdogo wangu," Editha alimwambia, akimsogezea kikombe. "Hapa hata chai inataka kitambulisho."

"Asante, dada. Ila mimi chai si shida. Baba yuko nje ya zahanati, amekaa benchi tangu tulipofika. Mlango haumfungukii mpaka mimi nipate namba."

Editha alikuwa ameshaelezwa habari za baba huyo. Figo za Mzee Gaudensi Mwalongo zilikuwa zimekufa, na mashine ya kusafisha damu kule kwao nayo ilikuwa imekufa. Zahanati ya Upepo Juu ilikuwa na figo-mkanda, kifaa ambacho mgonjwa anakivaa kiunoni kama mshipi, kinamsafisha damu huku anapiga soga. Lakini kilikuwa cha wafanyakazi na wategemezi wao tu. Daktari wa zahanati, aliyetoka kumpima na kumchukua damu palepale benchini, alikuwa amesema bila kuzungusha maneno kwamba mzee asilale leo bila kusafishwa. Kusema kweli, Leokadia aliomba kazi ya kuning'inia kwenye kamba angani kwa ajili ya mshipi huo, si kwa kupenda mawingu.

"Haya," Editha akasema, akakigeukia kiwambo. "Mratibu, tuendelee. Mwajiriwa mpya, Leokadia Mwalongo."

"Karibu sana, dada Editha," Mratibu ikajibu kwa upole wa kuudhi, kama mhubiri anayejua sadaka bado haijatosha. "Tafadhali taja namba ya malipo ya kazi iliyotangulia."

"Hajawahi kuajiriwa. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza."

"Nimeelewa. Tafadhali taja namba ya malipo ya kazi iliyotangulia."

Editha alifumba macho. Walioitengeneza Mratibu walimfikiria mtu anayehama kazi, anayestaafu, hata anayefariki. Mtu anayeanza kazi kwa mara ya kwanza maishani hakuwajia akilini. Palikuwa na uchochoro mmoja tu, na maafisa mishahara wote waliujua.

"Anarudi kutoka masomoni," akasema.

"Vizuri sana. Kipengele hiki hakihitaji namba iliyotangulia."

Kwa Leokadia huo ulikuwa uongo nusu, maana kweli alikuwa ametoka chuo cha ufundi. Si kama Ngailo, aliyekalia kiti hiki kabla ya Editha, ambaye alimwingiza shemeji yake kwa uchochoro huohuo wakati shemeji hajawahi kukaa darasani. Wakaguzi walimnasa Ngailo, akafukuzwa siku hiyohiyo, na geti likamsahau kabla hajafika kituo cha basi.

Walijaza jina la ukoo, ngazi ya mshahara, saizi ya buti. Walipofika kwenye kundi la damu kiwambo kikawa cheupe. Mratibu ikasema kwa utulivu kwamba muda wa kikao umekwisha, tafadhali waanze upya. Editha alipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. Wakaanza upya. Safari ya pili ilikwama kwenye picha, kwa kuwa Leokadia alitabasamu na mfumo ulitaka uso usio na hisia. Safari ya tatu hakuna aliyekuwa na hamu ya kutabasamu, na wakafika salama kwenye wategemezi.

"Gaudensi Mwalongo," Leokadia akasema haraka, kama anayeogopa kunyang'anywa nafasi. "Baba yangu."

"Asante. Uhusiano huu unahitaji kuthibitishwa. Njia ya hati huchukua siku kadhaa, kwa kuwa hupelekwa makao makuu. Njia ya damu hutoa jibu papo hapo. Sampuli ya ndugu Gaudensi ilichukuliwa na zahanati asubuhi hii. Je, tuendelee kwa damu?"

Kanuni ya damu haikuwa ngeni kwa Editha. Yeye mwenyewe aliwahi kuikubali. Miaka ya nyuma wafanyakazi walikuwa wakiandika baba watatu, mama wanne. Mkubwa wa kampuni, mtu wa mbali, akapandwa na hasira akasema watu wa huku ni waongo. Hawakuwa waongo. Baba mdogo aliyekulipia ada ni baba, mama mkubwa aliyekunyonyesha pamoja na mwanawe ni mama, na hakuna mtoto wa Njombe anayehitaji kufafanuliwa hilo. Lakini kumfafanulia mkubwa kulimchosha Editha kuliko kukubali, na kanuni ya damu ikapita.

Kidonyoa kikachomoza mezani: kimdomo kidogo cha chuma, kama cha kifaranga, kinachodonoa ncha ya kidole.

Leokadia hakunyoosha mkono. "Dada, hakuna njia nyingine?"

"Umesikia mwenyewe. Ya hati ni siku kadhaa. Baba yako ana siku kadhaa?"

"Hana."

"Basi toa kidole. Haiumi hata kidogo."

"Siogopi kudonolewa." Msichana alikitazama kidonyoa, kisha akamtazama Editha usoni. "Majibu anayaona nani?"

Angekuwa ameshiba, angekuwa hajaanza upya mara mbili, Editha angelisikia swali hilo vizuri. Hakuna mtu anayeuliza swali kama hilo bila sababu. Lakini kichwa kilikuwa kinamgonga, na alichotaka ni kuona kiwambo kile kikisema limekwisha.

"Mimi na wewe tu," akasema. "Toa kidole, mdogo wangu, tumalize."

Leokadia akatoa kidole. Kidonyoa kikadonoa, kikarudi ndani.

"Asante kwa subira yenu," ikasema Mratibu. "Hakuna uhusiano wa damu kati ya Leokadia na Gaudensi Mwalongo. Mtegemezi ameondolewa."

Huko nje kamba za tiara zilivuma. Editha aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Leokadia. Mdogo wangu. Hizi mashine..."

"Najua, dada."

"Unajua nini?"

"Kwamba si baba yangu wa kuzaa." Alikuwa anajifuta kidole kwa pindo la sweta. "Nilijua nikiwa shule ya msingi. Kwenye msiba wa bibi, wanawake walikuwa jikoni wanamenya viazi, hawakujua nimelala nyuma ya magunia. Mama alifika kwake akiwa na mimba yangu. Baba akamwambia, huyo mtoto ni wangu, na atakayeuliza aniulize mimi. Mama alikufa hajaniambia. Baba naye hajawahi kuniambia. Utotoni nikishikwa na homa alikuwa ananibeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, njia nzima ananihadithia eti pua yangu ni ya ukoo wake." Akacheka kidogo, halafu machozi yakamtoka bila kuuliza ruhusa. "Mimi sina neno, dada. Ila yeye hajui kama najua. Akijua, ataumia. Ndiyo maana nilikuuliza majibu anayaona nani."

Editha alikuwa anafungua mdomo kumwapia tena kwamba hayatatoka humo ndani.

"Kwa mujibu wa kanuni mpya ya uwazi," Mratibu ikasema, "taarifa imetumwa kwa mhusika aliyeondolewa, pamoja na sababu."

"Irudishe!" Editha akapaza sauti. "Mratibu, irudishe hiyo taarifa!"

"Samahani, dada Editha. Ujumbe umeshasikilizwa. Hongera, usajili wa Leokadia Mwalongo umekamilika. Karibu kazini."

Ujumbe umeshasikilizwa. Leokadia alielewa kabla ya Editha. Macho ya Mzee Gaudensi yalikuwa mazima kwa mambo ya mbali, lakini maandishi ya karibu yalimshinda, na simu yake ilikuwa ile ya wazee, inayosoma ujumbe kwa sauti. Ilikuwa imemsomea benchini, mbele ya watu.

Msichana akatoka mbio, Editha nyuma yake. Na sasa, jambo la kukasirisha kuliko yote, jengo zima lilimjua. Mlango ulifunguka wenyewe na kusema karibu, Leokadia. Lifti ilimsubiri na kumtakia siku njema. Roboti ya kantini ilimfuata korido nzima na kikombe cha chai. Editha alikipiga teke kile kiroboti, na hakujutia.

Mzee Gaudensi alikuwa bado benchini, kofia ya sufu kichwani, simu mkononi. Uso wake ulikuwa umevimba kwa ugonjwa. Watu wawili waliokaa naye walikuwa wakitazama sakafu kwa bidii sana. Alipomwona binti yake aliitia simu mfukoni, haraka, kama mtoto anayeficha sukari.

"Shikamoo, baba," Leokadia akasema, akihema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unakimbia hivyo?" Mzee akajaribu kucheka. "Usiwe na wasiwasi. Mashine yao imeharibika. Imenisomea mambo ya ajabu hapa, mambo ya mtu mwingine kabisa. Usiisikilize."

Leokadia alisimama.

"Imeharibika, baba," akasema. "Hata mimi imenisumbua asubuhi nzima."

"Eeh. Ndicho ninachosema." Mzee akapapasa benchi, na binti yake akaketi, wakabanana. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha mzee akainua macho kwa Editha. "Wewe mama ndiye unayeiendesha hiyo mashine?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Itatengenezwa lini?"

Editha akautazama mlango wa zahanati, umefungwa, taa yake nyekundu. Nyuma ya mlango huo ile mishipi ya kusafisha damu ilikuwa imening'inia ukutani, hakuna aliyeivaa. Alimkumbuka Ngailo na kituo cha basi. Alikumbuka pia ni nani aliyesema mimi na wewe tu.

"Mzee, ukitazama juu pale dirishani, unaziona tiara?"

"Nitakosaje kuziona? Naziona zote. Ile ya pembeni imelegea upande wa kushoto, sijui kama wanajua."

Editha hakuwa ameona kitu. Alikaza macho na bado hakuona kitu.

"Itatengenezwa leo hii, mzee," akasema. "Nisubirini hapahapa."

Alirudi ofisini kwa miguu, ngazi zote, kwa kuwa hakutaka lifti imtakie siku njema. Akavuta kiti.

"Mratibu. Mwajiriwa mpya. Gaudensi Mwalongo, mtazama-anga."

"Karibu tena, dada Editha. Nafasi hiyo ipo wazi. Tafadhali taja namba ya malipo ya kazi iliyotangulia."

Editha akawaza wazee wa rika lile, majembe yao, na viazi vyote walivyowahi kuchimba bila kulipwa na mashine yoyote.

"Anarudi kutoka masomoni," akasema.