Mtoto Aliyelala Ndani ya Tishari

Asubuhi hiyo ilikuwa ya kawaida. Tulikuwa tunaanika dagaa kwenye sakafu ya nje ya karakana ya zamani, mimi na wifi yangu Paskazia, dada wa mume wangu. Mimi ni wa Kharumwa, niliolewa huku ziwani. Zamani hapo yalitengenezwa matishari, vyombo vipana vya chuma vilivyovusha pamba. Kazi ilikoma kabla mume wangu hajazaliwa. Mabati yameng'oka, mashine zimeota kutu, na tishari la mwisho bado limekaa juu ya reli zake. Halikuwahi kuguswa na maji.

Mwanangu Festo alikuwa na miezi saba na alikuwa analia. Alilia mgongoni, alilia kwenye gunia, alilia hata nikimnyonyesha. Agatha wa Paskazia, wa umri uleule, hakulia kabisa.

Mama mkwe alipita na ndoo yake, akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama Festo, huyo mtoto unamlisha pilipili?" Wanawake wakacheka. "Mtazame mwenzako. Beseni la tatu hilo, na wake hata kukohoa hakohoi."

Niliinamia dagaa zangu. Mimi si mtu wa kujibu. Lakini maneno yale yalinichoma kama mwiba wa samaki.

Jua lilipopanda, nilimwona Paskazia akiingia karakanani na Agatha. Alitoka mikono mitupu.

Kesho yake nikamfuata. Nilijificha nyuma ya mashine ya kukerezea vyuma. Alipita kwenye tundu ubavuni mwa tishari, akamlaza mtoto juu ya kanga, akatoka. Nikaondoka haraka, nikijua nimeshaipata siri yake. Wivu hauna subira ya kuangalia mpaka mwisho.

Siku ya tatu nilimtangulia. Chuma kilichopigwa na jua tangu asubuhi kilikuwa baridi. Nikamlaza Festo, sauti imemkauka kwa kilio.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilitoka upande wa pili wa chuma. Taratibu, kama mkono unaompigapiga mtoto mgongoni ili alale. Festo akanyamaza. Kisha akacheka. Hajawahi kunichekea mimi hivyo.

Nikaanika mabeseni manne, huku Agatha siku hiyo amelala mgongoni kwa mama yake.

"Leo Mama Festo kaamkia wapi?" mama mkwe aliuliza, akinichekea vizuri. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Alasiri nikarudi kumchukua. Nikasikia ndala za Paskazia zikija. Sikutaka anione nikimwiga. Nikamnyakua mtoto kimyakimya, nikamfunga mgongoni, nikatokea upande wa ziwani.

Jioni hakulia. Usiku hakulia. Asubuhi nilimbana kidole kwa makusudi, Mungu anisamehe. Alinitazama tu.

Nikamwendea Paskazia, nikamweleza yote. Akaacha dagaa. Akanong'ona.

"Ulimwita?"

"Nani?"

"Festo. Ulimwita jina kabla ya kumbeba?"

"Alikuwa macho, wifi. Nimwite wa nini?"

"Mtoto akianguka njiani tu tunamwita, roho yake isibaki pale. Sembuse mle? Mimi Agatha namwita mpaka alie. Asipolia, simbebi."

Nikakimbia. Festo mgongoni, kimya. Nikaingiza kichwa kwenye tundu.

"Festo!"

Mtoto akalia.

Si mgongoni kwangu. Ndani. Mbali, kule mbele ambako tishari limezibwa. Nilikijua kile kilio. Maziwa yalinitoka yenyewe, yakalowesha blauzi.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kilio kikakatika.

Mume wangu Kalisti alileta vijana na misumeno ya chuma. Walilikata lile bati la mbele. Wakakuta kutu na kinyesi cha popo. Katekista akaombea, akanyunyiza maji ya baraka, akaondoka bila kunywa chai.

Sasa ni mwaka. Agatha anatembea na kuiba dagaa za watu. Festo bado ninamfunga kwa kanga ileile, fundo palepale. Hajaongezeka. Ananyonya, ananitazama, halii. Mama mkwe hamsemi tena. Hambebi pia.

Mchana, wenzangu wakipumzika, ninakwenda kumwita. Hakuna anayeitika siku hizi. Lakini kwenye kutu ya ukuta, mle ndani, kuna alama za viganja vidogo. Za kwanza zilikuwa chini kabisa, za mtoto anayetambaa. Kila mwezi zinapanda. Jana nimezikuta usawa wa kiuno changu, viganja viwili, vya mtoto aliyeshika ukuta akasimama.

Juu yake kuna kiganja kimoja kipana cha mtu mzima. Nilikigusa. Grisi yake, kama ya fundi wa mashine, ilikuwa bado mbichi.

Simwonei tena wivu Paskazia. Namwonea huyo, aliyekuwepo mwanangu aliposimama.