Arobaini na Sita

Ikifika tarehe kumi ya mwezi, mji wa Pare haukaliki. Wanafunzi wa Kiingereza wanamiminika kutoka kila kisiwa cha Indonesia, na wote wanataka baiskeli ya kukodi siku hiyohiyo. Ndivyo mikono ya watu wawili ilivyoangukia baiskeli moja.

"Dada, hii nimeiwahi mimi," alisema Galih, mwalimu wa sarufi, shati limepigwa pasi kama la bwana harusi. Baiskeli yake ilikuwa na pancha.

"Wewe umeshika kengele. Mimi nimeshika usukani," alijibu Rahmatia, nesi kutoka mji wa Bima, hijabu yake ya manjano imelowa jasho.

Galih akaenda kwa miguu. Kesho yake akamkuta mstari wa mbele darasani kwake.

Somo lilikuwa lile linalowatesa watu wa huko, ambao kitenzi chao hakijali mtu ni mmoja au ni mia. Kwa Kiingereza, mtendaji akiwa mmoja, kitenzi kinavikwa herufi s. Wakiwa wengi, kinavuliwa.

"Yaani mmoja anabebeshwa mzigo, wengi wanatembea mikono mitupu?" Rahmatia aliuliza. "Waingereza hawana haya, Mista."

Darasa zima likacheka. Galih alicheka kuliko wote, na hapo ndipo alipokwisha.

Tangu hapo kila jioni wakawa wanakula pamoja pecel, mboga zilizomwagiwa mchuzi wa karanga, huku mwalimu akimtega kwa maswali.

"'Kila mmoja wa manesi.' Umoja au wingi?"

"Umoja! Usinitishe na hao manesi, nimewazoea."

"Kipenzi, ukijua yote mimi nitabaki na kazi gani?"

"Ya kunipenda, Mas. Au hiyo nayo ina mtihani?"

Mista alikuwa keshakuwa Mas, kama Wajava wanavyomwita kaka, au mume.

Rahmatia alitaka kitu kimoja duniani: kazi ya unesi Doha. Wakala wa Surabaya alikuwa anafunga usajili tarehe ishirini na mbili. Alidai alama arobaini kati ya hamsini za mtihani wa Kiingereza, na umri usiozidi miaka thelathini. Usajili mwingine ungefika Rahmatia ameshapita umri huo.

Tarehe ishirini Galih alisahihisha karatasi yake ya mtihani. Arobaini na sita. Akafikiria miaka mitatu ya mkataba wa Doha, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

"Thelathini na saba, mpenzi," alimwambia. "Umoja na wingi bado vinakuponyoka. Riziki haiko Doha peke yake."

Rahmatia alilia begani kwake, naye akamfariji. Mwanamume yule! Akamfariji.

Njia ya mwongo ni fupi. Tarehe ishirini na tatu Mbak Endah, yaani Dada Endah, mwalimu mwenzake Galih aliyezisahihisha karatasi zote kabla yake, alimkuta Rahmatia kwenye kibanda cha tempe, vipande vya soya vya kukaanga.

"We bado uko hapa? Mtu wa arobaini na sita! Si ulikuwa uende Surabaya?"

Rahmatia aliiacha tempe mezani. Alimkuta Galih anafuta ubao.

"Mas, nilipata ngapi?"

Galih akaendelea kufuta ubao uliokwisha kuwa safi.

"Nijibu."

"Arobaini na sita. Rahmatia, niliogopa kukupoteza. Nakuoa, twende kwa mama yako leo hii!"

"Mama nilishamwambia. Nilimwambia naenda miaka mitatu, nikirudi unanioa. Nikamwambia ni wewe unayenivusha mtihani."

Kesho yake Rahmatia aliondoka kurudi kwao Bima. Galih alipiga simu miezi mitano bila kujibiwa, hadi siku moja ikapokelewa.

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe, Mas."

"Basi rudi."

"Sirudi. Ukiniambia chai ina sukari, nitaonja kwanza. Ndoa gani hiyo?"

"Nitakungoja."

"Usinigoje. Bado nakupenda, ndiyo maana nakwambia usinigoje."

Galih alizisikia kwikwi zake, naye akashindwa kuzizuia za kwake. Rahmatia ndiye aliyekata simu. Siku hiyo alikuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja, na Galih alikuwa amempigia amtakie heri. Hakuthubutu kuitamka.