Umemshukuru Baba, Mikono Yake Imeungua

—Usinishike! Nimesema usinishike!

Nesi aligeuka. Wacha ageuke! Baba yangu kalala kitandani, mikono yote miwili bandeji hadi viwikoni, halafu mchumba wangu, ambaye nyumbani tunamwita Profesa, ananiletea machozi.

—Mpenzi, nilitaka kumsifia mzee tu.

—Kumsifia? Mbele ya kamera?

Jamani, mnielewe. Vita ilipoingia mjini, baba, mtunza maktaba, alihamisha vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, akavificha stoo kwetu chini ya magunia ya mkaa. Siri tuliijua watatu tu: baba, mimi na Profesa. Profesa nilimwambia mimi, kwa sababu anatafiti jinsi vita inavyoangamiza urithi wa watu, na kwa sababu nilimpenda, mjinga mimi. Juzi akapanda jukwaani kwenye mkutano wao, akatamba: "Namshukuru baba mkwe wangu mtarajiwa, aliyevificha stoo nyumbani kwake!" Makofi ukumbi mzima. Mkutano ukarushwa mtandaoni. Jana wenye bunduki wakaja, wakaenda stoo moja kwa moja, wakamwaga petroli. Baba akaingiza mikono motoni.

Hakikupona hata kitabu kimoja.

—Kabla hujapanda nilikutumia meseji usimtaje baba. Haya, soma ulivyonijibu!

Akatoa simu, akasoma:

—"Usijali mpenzi, wanaosikiliza ni wasomi watupu."

—Wasomi watupu! Ona sasa!

—Nisamehe. Acha nikapige picha stoo, niingize kwenye utafiti, dunia ijue.

Hasira zikanipanda hadi utosini. Picha!

—Fungua kompyuta. Si kuna mahali kwenye utafiti wako unaandika nani kaharibu?

—Ndiyo.

—Andika: "Waliochoma ni wenye bunduki, aliyewaonyesha njia ni mimi." Na jina lako uliweke.

Akafungua.

—Mpenzi, hilo litanimaliza. Kazi yangu yote...

—Baba kaunguza mikono! Wewe kuandika jina tu kunakushinda?

Kumbe baba yuko macho, anatusikiliza.

—Mwanangu, kaandika?

—Hajaandika, baba.

Profesa akainama.

—Baba, nipe muda nifikirie.

—Mimi pale stoo sikupata muda wa kufikiria. Mwanangu, mrudishie pete yake.

Nikaivua, nikaiweka juu ya kompyuta. Nilingoja aandike hata herufi moja, haki ya Mungu nilingoja. Akaitia pete mfukoni, akafunga kompyuta, akaondoka.